Mali Bila Daftari: Kamera, Diski na Sauti ya Akko wa Garbatulla

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumzwa fedha, duka au shamba. Hata hivyo, mali si fedha na bidhaa pekee. Yako maneno ambayo jamii imeyarithi, yakahifadhiwa vifuani mwa wazee, na ambayo yasipotiwa daftarini hutoweka bila hata jirani kujua kwamba yalikuwapo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hulijua jambo hili tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Hufunzwa pia vifaa vya ukusanyaji wa data: kalamu na daftari, kinasasauti, kamera ya picha na kamera ya video. Vifaa hivyo huorodheshwa kwa mstari mmoja, kisha somo likaendelea na mengine, kana kwamba kifaa ni kifaa tu na kazi yake ni kubonyezwa. Kisa cha kijana mmoja wa Garbatulla chaonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo.

Garbatulla ni mji mdogo katika Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, upande wa mashariki wa mji wa Isiolo, kwenye njia iendayo Modogashe kupitia Kula Mawe. Wenyeji wake wengi ni Waborana wa Waso, waitwao hivyo kutokana na mto Ewaso Nyiro. Ni wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na tangu jadi matumizi ya malisho yao yamesimamiwa na baraza la wazee liitwalo dedha, ambalo huamua ni lini mifugo ihamie wapi. Mgeni apitaye kwa gari huona vumbi, migunga na mabati yanayometa. Mwenyeji huona ramani nzima ya majina na matukio.

Miongoni mwa matukio hayo, hakuna lililoacha kovu kubwa kama lile ambalo Waborana huliita gaafa Daaba, yaani wakati wa kusimama. Kenya ilipokuwa ikikaribia uhuru mwaka 1963, suala la mpaka wa kaskazini lilizua vita ambavyo serikali iliviita vita vya mashifta. Mwezi Juni mwaka huo, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Dabaso Wabera, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ilikwisha kutangazwa kaskazini mashariki. Katika miaka iliyofuata raia wa Isiolo walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, na Garbatulla ilikuwa mojawapo ya mahali hapo. Mifugo iliyozoea kutembea siku nzima ikafungiwa mahali pamoja, ikafa njaa na maradhi, na mingine ikapigwa risasi. Mtu aliyelala tajiri aliamka fukara. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalinyamazisha bunduki, na mwaka 1970 Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyowakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao katika eneo hilo kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Kwa sheria hiyo, mdomo wa mahakama ulifungwa. Midomo ya wazee haikufungwa, bali ilikosa msikilizaji.

Si kwamba hakuna aliyeandika. Mwanaanthropolojia Gudrun Dahl, kwa mfano, alichapisha mwaka 1979 kitabu kiitwacho Suffering Grass kuhusu uchumi na maisha ya Waborana wa Waso. Lakini kitabu ni kitabu, na tena kwa lugha ambayo nyanya wa Garbatulla hawezi kuisoma. Sauti ya nyanya huyo, mkono wake unavyopunga hewani anapolitaja zizi lililobaki tupu, kimya chake kati ya sentensi moja na nyingine, hayo hayakuwa kitabuni.

Kijana anayehusika na kisa hiki aliyatambua hayo mnamo mwaka 2008. Alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, naye alitakiwa kukusanya data ya mradi wake wa mwisho. Mwezi Novemba mwaka huo sheria ya kuunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imetiwa saini, na katika mabweni wanafunzi wa kutoka kaskazini walikuwa wakijadiliana ni nani atakayekwenda kusema nini mbele ya tume hiyo. Kijana alimkumbuka nyanya yake, ambaye nyumbani wote walimwita Akko, kama Waborana wanavyomwita bibi. Akko alikuwa mwanamke mwenye watoto tayari wakati wa Daaba. Aliyaona kwa macho yake. Afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika, na kijana alijua kwamba siku hazigandi.

Aliazima kamera ya video kutoka kwa rafiki. Ilikuwa kamera ya kanda ndogo za MiniDV, aina iliyoingia sokoni mwaka 1995 na ambayo kwa zaidi ya mwongo mmoja ilikuwa tegemeo la wapiga picha za harusi kote Afrika Mashariki. Kanda moja hubeba dakika 60. Mfukoni alikuwa na fedha za kununulia kanda tatu tu. Hata hivyo hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alikuwa pia amenunua diski ya nje yenye nafasi ya GB 80, iliyokuwa imetumiwa na mwenyewe wa kwanza lakini ikifanya kazi. Alipiga hesabu vyema: saa moja ya picha za MiniDV huchukua takriban GB 13, kwa hiyo diski ile ingemeza saa sita. Kanda zikiisha, angeiunganisha kamera na diski kwa waya, na picha zingetiririka moja kwa moja kutoka chombo kimoja hadi kingine. Mbona isiwezekane? Kamera ilikuwa na tundu la USB, na diski ilikuwa na waya wa USB. Tundu na waya vilipatana kwa jina, naye akadhani vimepatana kwa kazi.

Kanda ya kwanza ilijaa nyimbo za kunywesha ng'ombe kisimani. Ya pili ilijaa mazungumzo ya wazee wa dedha. Ya tatu aliiweka kwa ajili ya Akko.

Akko alikubali kurekodiwa, ila si kabla ya kuuliza maswali yake. Aliketi mbele ya nyumba, akamtazama mjukuu wake akihangaika na miguu mitatu ya kuegemezea kamera.

"Maneno yangu yatalala wapi?" aliuliza.

"Yatalala humu, Akko," kijana akajibu, akimwonyesha kanda, kisha diski.

"Na wewe ukilala, atayaamsha nani?"

Kijana alicheka, akasema kwamba angeyatunza. Akko hakucheka. Alimwonyesha chombo cha maziwa kilichosukwa, kilichoning'inia ukutani, kikiwa kimefukizwa moshi asubuhi ile. "Sisi hatukami maziwa," alisema, "kabla ya kukifukiza chombo. Ukikama kwanza ukatafuta chombo baadaye, maziwa yataharibika mikononi mwako." Kisha akajifunga mtandio vizuri na kusema yuko tayari.

Kwa muda wa saa nzima alisimulia utoto wake, harusi yake, majina ya ng'ombe wa baba yake na ya malisho ambayo leo hayafikiki. Alikuwa amefika tu mahali pa kusema, "Sasa sikiliza, nikupe habari ya Daaba," kanda ikafika ukingoni na kamera ikajizima kwa mlio mdogo. Katika maduka ya Garbatulla hakukuwa na kanda za kuuzwa. Kijana akatoa diski yake kwa ushujaa, akachomeka waya kwenye kamera, akabonyeza kitufe chekundu. Hapakutokea kitu. Akachomoa, akageuza, akachomeka tena. Kioo cha kamera kilimwandikia tu kwamba hakuna kanda. Akko alimsubiri hadi jua lilipogeuka, kisha akamwambia kwa upole, "Haya, mwanangu. Chombo chako hakijafukizwa." Akaingia ndani kuswali.

Usiku ule kijana hakulala vyema. Alidhani kamera ni mbovu, kisha akadhani diski ni mbovu. Ukweli ni kwamba vyote viwili vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni kitu cha tatu, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapoweza kuuelewa mtambo kuliko anavyodhani. Mawasiliano ya USB yamejengwa juu ya mahusiano kama ya mwenyeji na mgeni. Mwenyeji ndiye aanzaye mazungumzo: huuliza ni nani aliyebisha hodi, humpa mgeni nafasi na umeme, humwamuru asome au aandike. Mgeni hasemi mpaka asemeshwe. Tarakilishi ni mwenyeji. Diski ni mgeni. Kamera za enzi ile nazo zilitengenezwa ziwe wageni, kwa kuwa zilikusudiwa kuunganishwa na tarakilishi. Ukiziunganisha kamera na diski peke yao, unakuwa umewaweka wageni wawili katika nyumba isiyo na mwenyewe. Kila mmoja anangoja kukaribishwa, na hakuna anayesema karibu.

Tena, katika nyingi ya kamera hizo tundu la USB halikuwa hata njia kuu ya picha. Njia kuu ilikuwa tundu jingine dogo, lile la FireWire, ambalo kampuni ya Sony iliita i.LINK. Kupitia hapo kamera huimwaga video jinsi bomba limwagavyo maji, bila kusita na bila kuuliza kama ndoo imejaa. Lakini hata diski yenye tundu la FireWire haiwezi kukinga maji hayo peke yake. Diski husubiri kuambiwa: faili hii iandike hapa, ile iandike pale. Kamera haijui kutoa amri za namna hiyo, kwani yenyewe haina habari ya faili wala ya mpangilio wa diski. Inajua kumwaga tu. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Focus Enhancements iliuza vinasa vya FireStore, na Sony ikauza HVR-DR60 yenye GB 60. Vifaa hivyo vilikuwa diski kwa sura tu. Ndani yake mlikuwa na akili ndogo ya kupokea mmwagiko wa kamera, kuugeuza kuwa faili na kuiamuru diski iandike. Kwa maneno mengine, vilibeba mwenyeji wao tumboni. Bei yake ilikuwa ya vituo vya televisheni, si ya mwanafunzi anayesubiri mkopo wa serikali.

Asubuhi kijana alikwenda kwa mwalimu mmoja wa pale mjini aliyekuwa na tarakilishi ya mapajani. Mwalimu huyo alikuwa mkarimu. Alimsikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Ndugu yangu, kumbe ulitaka kuwaoza mabubu wawili bila mshenga?" Kauli hiyo ilikuwa ya mzaha, lakini ilikuwa maelezo mazuri kuliko kurasa nyingi za vitabu vya maelekezo. Wakatafuta waya mwembamba wa FireWire, wakaupata kwa mpiga picha za harusi. Kamera ikaunganishwa na tarakilishi kwa waya huo, na diski ikaunganishwa na tarakilishi kwa waya wa USB. Programu ya Windows Movie Maker, iliyokuja pamoja na Windows XP, ikaona picha ya kamera. Diski ya tarakilishi yenyewe ilikuwa imejaa kazi za mwalimu, kwa hiyo programu ikaelekezwa iandike moja kwa moja kwenye diski ya nje.

Vikwazo vidogo havikukosekana. Tundu dogo la FireWire lenye pini nne halibebi umeme, na ile diski ya nje ilikuwa kubwa, yenye kuhitaji umeme wake yenyewe. Ikabidi jenereta iazimwe dukani na kuwekwa mbali nyuma ya nyumba ili muungurumo wake usiimeze sauti ya Akko. Aidha, kamera ilikuwa na tabia ya kujizima kila baada ya dakika tano ikiwa ina kanda lakini hairekodi, kwa nia njema ya kuilinda kanda isichakae. Mpiga picha za harusi aliwafundisha dawa yake: toa kanda kabisa, na kamera haitakuwa na cha kulinda.

Alasiri hiyo Akko akaketi tena. Alianza pale pale alipoachia, kana kwamba usiku haukupita. Alisimulia siku walipoamrishwa kuondoka malishoni. Alisimulia ugawaji wa maji, na watu waliohesabiwa jioni kama mbuzi. Alisimulia mlio wa ng'ombe waliofungiwa, mlio ambao, alisema, haukuwa wa kiu tu bali wa kushangaa. Mwalimu aliyekuwa akiitazama tarakilishi aliinamisha kichwa. Kisha ghafla, dakika 20 zikikaribia kutimia, maandishi yakajitokeza kwenye kioo: uandishi umekoma.

Diski haikuwa imejaa. Haikuwa imetumika hata sehemu ya kumi. Tatizo lilikuwa katika mpangilio wake. Kama diski nyingi za nje za wakati huo, ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao husomwa na takriban kila tarakilishi lakini haukubali faili moja izidi GB 4. Kwa video ya MiniDV, kiasi hicho hutimia chini kidogo ya dakika 20. Ilikuwa lazima kuanzisha faili mpya. Kijana alimweleza nyanya yake kwa haya kwamba chombo kimesimama na kwamba itabidi angoje kidogo.

Akko alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe hata chombo chako kina Daaba yake," alisema.

Walirekodi vipande vitatu, karibu saa nzima. Kijana alivitazama vyote usiku ule, akaviona vizima. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Na katika furaha hiyo alifanya kosa ambalo halikuhusu waya wala mfumo wa faili: hakutoa nakala. Tarakilishi ya mwalimu haikuwa na nafasi, hilo ni kweli. Lakini kila kipande kilikuwa chini ya GB 4.3, na DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Sahani tatu tu, za bei isiyozidi nauli ya matatu za mjini kwa siku chache, zingetosha kabisa, na Isiolo kulikuwa na mahali pa kuzichomea. Alipofika Isiolo, basi la Nairobi lilikuwa linajaza abiria wa mwisho. Alipanda.

Barabara ya kutoka Garbatulla hadi Isiolo wakati huo ilikuwa ya mawe na mashimo kwa zaidi ya kilomita 100. Diski ya aina ile ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachosoma juu yake bila kuigusa, kwa mwanya mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Mtikisiko unaweza kukidhuru, na kuanguka zaidi. Mfuko wa kijana ulianguka mara moja tu, kutoka kwenye rafu ya basi, dereva alipokwepa punda. Nairobi, alipoichomeka diski, ilitoa mlio: tik, tik, tik. Fundi wa kwanza alitikisa kichwa. Fundi wa pili alimtajia gharama ya kuifungua katika maabara, nayo ilizidi karo yake ya muhula. Aliiweka diski sandukuni, akajiambia kwamba angerudi nyumbani wakati wa likizo ya Aprili, na Akko angesimulia upya.

Akko alifariki mwezi Machi.

Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliendesha vikao vyake kaskazini mwa Kenya, na tarehe 21 Mei 2013 ripoti yake ikakabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta, ikiwa na masimulizi ya vita vile na ya mateso ya raia. Walikuwapo waliosema. Akko hakuwamo. Katika sanduku la kijana zilibaki kanda tatu, zile alizozidharau kwa sababu zilikuwa chache na za kizamani. Kanda hizo zilikuwa zimeanguka pamoja na diski, ndani ya mfuko ule ule, na hazikudhurika. Ya tatu inamwonyesha Akko akitaja majina ya ng'ombe, akicheka, akiimba kidogo, kisha akisema kwamba sasa atatoa habari ya Daaba. Hapo picha inakatika.

Ni rahisi leo kudhani kwamba teknolojia imelimaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba imepiga hatua. Mwaka 2018 kampuni ya Blackmagic Design ilitoa kamera inayoandika moja kwa moja kwenye diski ya nje kwa waya wa USB-C, na mwaka 2023 simu ya iPhone 15 Pro ikawezeshwa kufanya vivyo hivyo. Diski zenyewe sasa nyingi ni za SSD, zisizo na sahani wala kichwa, hivyo haziogopi sana barabara mbovu. Kamera na simu zimefundishwa kuwa wenyeji, na mipangilio mipya ya diski imeliondoa lile kikomo cha GB 4. Jambo alilolitamani kijana mwaka 2008 sasa lawezekana. Lakini video iliyoandikwa moja kwa moja kwenye diski moja ingali nakala moja. Mshenga amepatikana, ndoa imefungwa, ila mtoto bado ni mmoja, na safari ingali ndefu.

Linalofaa kuzingatiwa na wanafunzi wa Kiswahili na walimu wao ni kwamba maswali mawili ya Akko yalikuwa maswali ya utafiti. Aliuliza maneno yake yatalala wapi, na ni nani atakayeyaamsha. La kwanza ni swali la uhifadhi: chombo kijaribiwe kabla ya kwenda nyanjani, mpangilio wake ujulikane, na jioni ya siku ile ile ya kurekodi pawe na nakala mbili zisizosafiri katika mfuko mmoja. La pili ni zito zaidi. Sauti isiyonukuliwa, isiyotafsiriwa, isiyorudishwa kwa wenyewe, imelala hata kama diski ni nzima. Ni mangapi yaliyorekodiwa kwa ajili ya miradi ya shahada, yakatumika kupata alama, kisha yakaachwa kwenye droo za idara? Vijana wamejadiliana kwa miaka mingi kama kifaa kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na mjadala huo una umuhimu wake. Lakini jina la chombo halina faida kubwa ikiwa kilichomo ndani yake hakuna anayekiamsha.

Kijana yule sasa ni mwalimu wa Kiswahili. Kila likizo hurudi Garbatulla akiwa na kamera ya kawaida inayotumia kadi, na diski mbili. Huwatafuta wale waliokuwa watoto wakati wa Daaba, ambao leo nao wana mvi. Kabla ya kurekodi huwaeleza maneno yao yatalala wapi, na kabla ya jua kuzama diski moja hubaki mjini Garbatulla kwa ndugu zake, nyingine huondoka naye. Hunukuu kwa Kiborana, kisha hutafsiri kwa Kiswahili, na huwasomea wasimulizi alichoandika ili wamsahihishe.

Kuhusu zile dakika zilizopotea, aliandika yote aliyoyakumbuka. Juu ya ukurasa wa kwanza aliweka wazi kwamba hayo ni maneno ya mjukuu akimkumbuka nyanya yake, si maneno ya Akko mwenyewe, na kwamba msomaji asiyachanganye. Mlio wa ng'ombe wa kushangaa umo humo. Namna Akko alivyoutamka haimo, na hakuna diski itakayoirudisha. Ile diski iliyovunjika angali nayo. Wanafunzi wake wanapokuja kuaga kabla ya kwenda nyanjani, huwawekea mezani, akawaomba waibebe mkononi kidogo wasikie uzito wake, kisha akawauliza kama wamekwisha kukifukiza chombo.